Mwisho wa dunia: maswali ninayoulizwa sana hapa Tanga

Nina kiduka cha steshenari Ngamiani, natoa kopi, nafanya lamineshini na picha za pasipoti, na Jumamosi nafundisha darasa la kipaimara kanisani kwetu Anglikana. Kwa hiyo mtu akija kutoa kopi ya kitambulisho ananiuliza na habari za mwisho wa dunia hapo hapo, foleni iko nyuma yake. Vita ikilipuka huko Mashariki ya Kati ndo balaa kabisa, simu inajaa klipu mpaka inaganda. Nimechoka kujibu kwa vois noti, nimeona niandike yote mahali pamoja, mtu akiuliza namtumia linki basi. Nitaeleza Wayahudi wanasemaje na Wakristo wanasemaje, na penye maoni yangu nitasema haya ni yangu. Kwa baba sisi Waislamu, kwa mama ni Wabondei wa Muheza, Wakristo tangu enzi za wamisionari wa Magila, kwa hiyo mkiona nachanganya maneno mnisamehe, ndo nilivyolelewa.

Mwalimu, kiyama si maana yake dunia kuisha?

Watu wengi tunalitumia hivyo, soko likiwa limejaa unasikia "leo kiyama". Lakini neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu na asili yake ni kusimama, kuinuka, yaani wafu kuinuka. Kulipuka hakumo humo.

Kwenye Biblia ya Kiswahili, Mathayo 24, wanafunzi wanamuuliza Yesu dalili ya "mwisho wa dunia", ila Kigiriki chake kinasema mwisho wa zama, kipindi kinaisha kinaingia kingine. Wayahudi nao wana maneno mawili, dunia hii na dunia ijayo, kwa Kiebrania olam haze na olam haba. Na hilo neno la Kigiriki ambalo Wazungu wanalitumia kwa maangamizi, apokalipsi, maana yake ni kufunua tu. Mama anapofunua kawa mezani tukaona kilichomo kwenye sahani, hiyo ndo apokalipsi. Ndo maana kitabu chetu cha mwisho kinaitwa Ufunuo, hakikuitwa Maangamizi.

Wayahudi nao wanaamini mwisho wa dunia au hayo ni ya Wakristo?

Wanaamini, na sisi tumechukua kwao. Danieli 12 inasema wengi waliolala mavumbini wataamka, Isaya anasema watu watafua panga zao kuwa majembe. Lakini ukikaa ukasoma utaona uzito wao hauko pale sisi tunapouweka.

Mtu wa kumjua hapa ni Musa bin Maimuni, wengi wanamwita Maimonides, mzaliwa wa Cordoba huko Hispania, akafia Misri mwaka 1204, alikuwa rabi na tabibu. Yeye alipanga misingi 13 ya imani ya Kiyahudi, wa 12 ni kuja kwa Masihi na wa 13 ni kufufuliwa wafu, yaani mwisho wa dunia umewekwa mwisho wa orodha. Na alivyomweleza Masihi utashangaa. Anasema ni binadamu, mfalme wa ukoo wa Daudi, usidhani lazima afanye miujiza, atawakusanya Waisraeli waliotawanyika, atajenga Hekalu, na dunia itaendelea kwenda kama inavyokwenda siku zote. Ule mstari wa mbwa mwitu kukaa na mwana-kondoo yeye anasema ni mfano, maana yake mataifa wakorofi watatulia. Anafuata kauli ya zamani ya Talmud, kitabu kikubwa cha mafundisho ya marabi, kwamba tofauti ya siku hizi na siku za Masihi ni moja tu, kutotawaliwa na falme za wengine. Basi. Hakuna nyota kudondoka hapo.

Wapo Wayahudi wengine wanaosubiri mambo makubwa zaidi ya hayo, na wapo wa madhehebu ya mageuzi ambao hawamsubiri mtu kabisa, wanasubiri zama za amani. Sasa wewe ukisema "Wayahudi wanaamini hivi" ni kama mtu aseme "watu wa Tanga wanapenda hivi", atakutana na wa Pangani na wa Lushoto wakiwa wanamcheka.

Kitu kimoja kinanigusa. Kwenye mlo wa Pasaka yao wanajaza kikombe kimoja cha divai kwa ajili ya nabii Eliya, kisha wanafungua mlango wa nyumba, maana Malaki kasema Eliya atatangulia kabla ya siku ile. Kila mwaka mlango unafunguliwa, kila mwaka unafungwa, kikombe kipo vile vile. Ni kusubiri kwa muda mrefu huko.

Kwa hiyo Masihi wao siye Yesu?

Kwao siye. Wanasema Masihi akija kazi yake inaonekana, Hekalu limejengwa, vita hamna, na wao wakichungulia dirishani wanaona vita bado ipo. Wakristo tunajibu kwamba kazi ina awamu mbili na atarudi kuimalizia, ndo ile ya kanuni ya imani ya Nikea, atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu.

Kuna mtu kanitumia kwamba Wayahudi wana tarehe, mwaka 6000. Kweli?

Kweli na si kweli. Talmud, kitabu cha Sanhedrini ukurasa wa 97, kuna kauli kwamba dunia itadumu miaka elfu sita. Kwa kalenda yao mwaka 5785 ulianza Oktoba 2024, kwa hiyo mwaka 6000 unaanza 2239, mimi na wewe hatutakuwepo. Ila aliyekuforwadia hakusoma mpaka mbele kidogo, maana karatasi hiyo hiyo ukiigeuza kuna rabi analaani, ioze mifupa ya wanaopiga hesabu ya mwisho! Sababu aliyotoa ni ya kibinadamu sana, kwamba tarehe ikipita na Masihi hajaja watu watasema basi tena haji.

Na walikuwa wameumia tayari ndo maana wakalaani. Hekalu lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Mwaka 132 akatokea jemadari mmoja, Bar Kokhba, Mwana wa Nyota, na rabi mkubwa kuliko wote wa wakati ule, Akiva, akasema huyu ndiye Masihi. Rabi mwenzake akamjibu, Akiva, majani yataota kwenye mataya yako na Masihi atakuwa hajaja. Jibu hilo sijawahi kulisikia kwenye mkutano wowote wa injili. Mwaka 135 uasi ukazimwa kwa damu nyingi mno, na baadaye jina likageuzwa wakamwita Bar Koziba, mwana wa uongo.

Halafu kuna la Sabbatai Zevi. Huyu ni mtu wa Izmir, Uturuki ya leo, mwaka 1665 alitangazwa Masihi na habari ikaenea kama moto wa makuti kutoka Yemen mpaka Uholanzi. Watu wakaanza kuuza mali wafunge safari ya Yerusalemu. Mama mmoja mfanyabiashara wa Kiyahudi wa Ujerumani, Glückel, aliandika kumbukumbu zake, anasema baba mkwe wake alileta mapipa Hamburg yamejaa mashuka na vyakula vikavu, njegere, maharage, nyama ya kukausha, ili safari ikiitwa wawe tayari. Mapipa yakakaa, yakakaa, mpaka wakaogopa nyama itaharibika ikabidi yafunguliwe. Na Masihi mwenyewe? Septemba 1666 aliitwa mbele ya Sultani akaambiwa achague, akavaa kilemba akasilimu. Nikisoma habari ya mapipa yale namkumbuka mama yangu mdogo wa Muheza, nitamfikia.

Gogu na Magogu ndo Urusi?

Hawa ndugu zetu Waislamu wanawaita Juju na Majuju. Ezekieli 38 na 39 inamtaja Gogu wa nchi ya Magogu atakayekuja kuipiga Israeli, na Ufunuo 20 inawataja tena. Kila zama watu wana Gogu wao. Askofu Ambrose karne ya 4 alisema ni Wagothi, baadaye wakasema kabila la Wahun (siyo wahuni wa mtaani), wakasema Wamongoli, wakasema Waturuki, vita baridi ilipoingia ikawa Urusi ya Kikomunisti. Hoja ya Urusi inakaa juu ya neno "Rosh" lililopo kwa Ezekieli, wanasema si unaona, Rosh, Urusi! Lakini rosh kwa Kiebrania ni kichwa, mkuu. Ni sawa na mtu akwambie Pangani ni Japani kwa kuwa mwisho zinafanana.

Unyakuo upo kwenye Biblia au haupo?

Mstari upo, 1 Wathesalonike 4, parapanda italia, waliokufa katika Kristo watafufuka kwanza, na walio hai watanyakuliwa mawinguni kumlaki Bwana hewani. Hilo hakuna anayelipinga. Kinachobishaniwa ni ile picha ya watu kutoweka kimya kimya, dereva kapotea usukani unajiendesha, halafu miaka saba ya dhiki kwa waliobaki. Mpango huo ulivyopangika hivyo ni wa juzi juzi, ulitangazwa na mhubiri wa Ireland na Uingereza anaitwa John Nelson Darby miaka ya 1830, ukaenea sana Marekani kwa Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka 1909, na kutoka huko ukasafiri na wamisionari na sasa hivi na video. Wapentekoste wengi wa kwetu wanaufundisha. Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na sisi Waanglikana hatufundishi unyakuo wa siri, tunafundisha kuja mara moja kwa wazi.

Neno "kumlaki" ndo ufunguo kwa maoni ya wasomi wengi, na mimi nakubaliana nao. Kigiriki chake kilitumika kwa watu wa mji wanaotoka nje kumpokea mgeni mkubwa kisha wanarudi naye mjini. Askofu akija kwetu tunafanya nini? Tunatoka na matawi mpaka njia panda, tunaimba, tunamzunguka na gari lake, halafu TUNARUDI naye kanisani. Hatumpokei njia panda tukapanda gari tukahama naye kwenda alikotoka.

Sasa habari ya mama mdogo. Miaka ya nyuma alikuja mhubiri mmoja Muheza, kafunga turubai na spika, siku ya tatu akatoa tarehe, Jumamosi fulani usiku. Mama mdogo alikuwa na cherehani ya miguu na mbuzi wanne, akauza vyote, hela akapeleka sadaka ya mwisho. Mimi nilitumwa na mama nikalale kwake, maana mama aliona huyu atatufia na presha. Tulikaa barazani, kavaa kanga nyeupe, kavua na hereni, mi nina tochi. Saa nne, saa tano, saa sita ikapita, mbu wanatumaliza, ukipita upepo kwenye michungwa anainua kichwa. Hakulala. Alfajiri kuku wakawika, adhana ya msikiti wa jirani ikatoka, akaniangalia muda mrefu akasema, "Majani ya chai yapo?"

Miaka elfu moja ya Ufunuo ni ya kweli au mfano?

Ufunuo 20 inasema Kristo atatawala miaka elfu, na makanisa yamegawanyika mafungu matatu. Wapo wanaosema Yesu atarudi kwanza ndo miaka elfu ianze, wapo wanaosema dunia itatengenea kwanza kwa injili ndo arudi, na wapo wanaosema elfu ni namba ya mfano na utawala wenyewe umeanza zamani, huu ndo msimamo wa Agostino wa Hippo ambao Kanisa la magharibi lilikaa nao karne na karne. Mimi niko na Agostino. Kitabu chenye mwana-kondoo mwenye pembe saba, ghafla ukifika sura ya 20 unataka kuhesabu kwa kalkuleta?

Mwalimu namba ya NIDA ni 666? Na ile chanjo ya korona?

Hili naulizwa kila wiki, tena na mtu kashika kitambulisho chenyewe anataka nikitie lamineshini. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, inaanzia na mwaka wako wa kuzaliwa, iangalie mwenyewe.

Tuje kwenye 666. Ufunuo 13 inasimulia mnyama na chapa yake ya mkononi au kwenye kipaji cha uso, asiye nayo asinunue wala asiuze, na mstari wa 18 unasema namba ya mnyama huyo ni 666, mwenye akili na ahesabu, maana ni hesabu ya kibinadamu. Zamani Wayahudi na Wagiriki hawakuwa na tarakimu kama zetu, herufi ndo zilikuwa namba. Wazee wa falaki hapa pwani wanaijua, ndo abjadi. Sasa chukua jina la Kaisari Nero kwa Kigiriki, Neron Kaisar, liandike kwa herufi za Kiebrania, zinatoka saba: nuni 50, reshi 200, vavu 6, nuni 50, kofu 100, sameki 60, reshi 200. Jumlisha. Mi nilijumlisha na kalkuleta ya dukani mbele ya mteja mmoja wa Chumbageni, ikasoma 666, akaniomba nirudie.

Na kuna ushahidi mwingine mtamu zaidi. Nakala chache za zamani za Ufunuo hazisemi 666, zinasema 616, mojawapo ni kipande cha mafunjo kilichopatikana Oxyrhynchus huko Misri. Kwa nini 616? Kwa sababu ukiandika Nero kwa Kilatini ile nuni ya mwisho haipo, toa 50 kwenye 666 unabaki na 616! Namba mbili tofauti, mtu yule yule. Nero ndiye aliyewaua Wakristo baada ya Roma kuungua mwaka 64, na Yohana akiwa kisiwani Patmo aliwaandikia makanisa saba ya Uturuki ya leo, Efeso, Smirna na wenzao, watu ambao wanamjua mnyama wanayeambiwa. Wasiokubali hesabu hii wapo pia, hasa wanaoona utabiri wote ni wa siku zijazo. Ila chanjo haikuandikwa kwenye kipaji cha uso cha mtu na haijakuzuia kununua samaki feri.

Mpinga Kristo ni nani kwa sasa?

Neno hilo halimo kabisa kwenye Ufunuo, nenda katafute. Lipo kwenye barua za Yohana tu, ya kwanza na ya pili, na anasema WAPO WENGI na walishakuja tayari enzi hizo. Kila mwaka naletewa jina jipya, safari hii rais wa nchi fulani, kesho tajiri yule wa mitandao.

Na yule ng'ombe mwekundu wa Israeli?

Hesabu 19 inaagiza mtamba mwekundu asiye na kipaku na ambaye hajawahi kufungwa nira, anachinjwa na kuchomwa nje ya kambi, majivu yake yanachanganywa na maji ya kutakasa waliogusa maiti. Wale wanaotaka Hekalu la tatu wanasema bila majivu hayo makuhani hawawezi kuanza kazi. Septemba 2022 mitamba mitano ilisafirishwa kwa ndege kutoka Texas mpaka Israeli, kwa msaada wa Wakristo wa Kimarekani, hapo ndo klipu zilipoanza.

Sheria ni kali kuliko watu wanavyodhani, Mishna, mkusanyiko wa zamani wa sheria za marabi, inasema manyoya mawili tu ya rangi nyingine yakitoka kwenye shimo moja kashaharibika. Mfugaji yeyote wa Handeni atakwambia ng'ombe wa namna hiyo unampata wapi. Mishna inahesabu tisa tangu Musa, wengine wanasema saba, na bin Maimuni akasema wa kumi ataandaliwa na Masihi mwenyewe. Wayahudi wengi sana hawana mpango wowote na Hekalu kwa sasa, wanasema ni kazi ya Masihi. Ila usilichukulie kimchezo, maana uwanja unaozungumziwa ndo ulipo msikiti wa Al-Aqsa, na watu wanakufa kwa ajili ya uwanja ule.

Wasabato si ndo walipanga tarehe 1844?

Jamani tuwe waadilifu. William Miller alikuwa mkulima Mbaptisti wa jimbo la New York. Alichukua Danieli 8:14, siku 2,300, akafanya kila siku ni mwaka, akaanza kuhesabu toka mwaka 457 kabla ya Kristo, ikadondokea mwaka 1843 mpaka 1844. Wafuasi wake wakaja kuikaza kwenye Oktoba 22, 1844. Wengine waliacha mazao shambani. Mmoja wao, Hiram Edson, aliandika kwamba walilia na kulia mpaka kukapambazuka. Wakaita Masikitiko Makuu. Kanisa la Waadventista Wasabato limeundwa 1863, baada ya kidonda hicho, na wao wenyewe leo wanakataza kupanga tarehe. Walifika Upare 1903, ni majirani zetu, msiwatanie kwa hili.

Halafu angalia, mwaka huo huo 1844 ambao watu Marekani walikuwa wanaangalia mawingu, mmisionari Krapf ndo anafika Mombasa, anaanza kujifunza Kiswahili, na 1848 akapanda mpaka Vuga, Usambara, kwa mfalme Kimweri. Dunia ingeisha Oktoba ile hata neno la kiyama kwa Kiswahili asingepata kuliandika.

Walioendelea kupanga ni wengi. Mwaka 1988 injinia Mmarekani Edgar Whisenant alitoa sababu 88 za unyakuo kutokea mwaka huo, mwaka ukapita. Mwaka 2011 Harold Camping na redio yake alisema Mei 21, ikapita, akasogeza Oktoba 21, ikapita, baadaye akakiri kwamba kupanga tarehe ni kosa.

Tufani, matetemeko, vita, si dalili hizi?

Mei 2024 tufani Hidaya ilipokuja na boti za Unguja kusimama, simu yangu haikupumzika. Someni Marko 13 taratibu. Yesu anataja vita, matetemeko na njaa, halafu anasema msitishwe, mwisho bado, huo ni mwanzo wa utungu. Watu wanasoma orodha wanaruka "bado". Na mstari wa 32 anasema saa ile hata Mwana haijui ila Baba. Sasa mhubiri wa turubai kaijulia wapi?

Ya Shakahola yanaweza kutokea na huku?

Yanaweza. Ukivuka Horohoro ukapita Mombasa ukaingia kaunti ya Kilifi umeshafika karibu na msitu ule wa Shakahola, watu wa pwani kama sisi. Mwaka 2023 ilifukuliwa zaidi ya miili 400, watu wazima na watoto, wengi wamekufa kwa kufunga wakiambiwa watakutana na Yesu. Na kabla yake Kanungu, Uganda, kundi lililokuwa limetangaza dunia inaisha na mwaka 1999, tarehe ikapita, Machi 17, 2000 mamia wakateketea kanisani.

Mi nina kipimo cha dukani tu. Mtu akianza kutoa watoto shule, kukataa hospitali, kuvunja kitambulisho, kuuza uwanja na kuhamia porini na mwalimu wake, msibishane naye maandiko, nendeni serikali ya mtaa siku hiyo hiyo.

Wayahudi wanaamini moto wa milele?

Wengi hapana. Jehanamu imetoka kwa Ge-Hinnom, bonde nje ya ukuta wa Yerusalemu, bado lipo unaweza kutembelea. Mishna inasema hukumu ya waovu huko ni miezi 12. Mtoto aliyefiwa na mzazi anasoma sala ya Kadishi miezi 11 tu, kwa sababu akisoma 12 itaonekana anasema baba yake alikuwa muovu wa kumaliza muda wote. Heshima ya namna hiyo kwa mzazi nimeipenda mno.

Nina miche ya minazi hamsini, kuna haja ya kupanda?

Huyu alikuwa anatania lakini jibu lipo. Rabi Yohanan bin Zakai, aliyeliona Hekalu likiondoka mwaka 70, alisema ukiwa na mche mkononi ukaambiwa Masihi huyo hapo, panda kwanza halafu ndo utoke kumpokea. Na Waislamu mnayo hadithi ya Mtume, kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche wa mtende mkononi akiweza aupande basi aupande. Ile ya Martin Luther mnayopenda kuituma, eti hata dunia ikiisha kesho leo angepanda mti wa tufaha, Luther hakuisema, haionekani popote kabla ya 1944. Panda miche mzee, mvua za vuli hizi.

Nilitoa hela kwa ajili ya tarehe iliyopita, naweza kudai?

Kama una meseji ya muamala usiifute, nenda nayo polisi, kuchukua hela kwa kudanganya ni kosa hata ukichukua umeshika Biblia. Ukiwa ulitoa mkononi bila shahidi itakuwa ngumu sikufichi.

Mama mdogo hakudai. Cherehani iliyouzwa alinunua jirani yake wa nyumba ya tatu, alipotaka kuinunua tena jirani akasema siuzi, inanilisha. Sasa mama mdogo akitaka kupunguza gauni anampelekea yule yule, analipa elfu tatu, anakaa kwenye kigoda anasikiliza. Juzi nilikuwa naye, ilipoanza kukwaruza akamwambia, "Tia mafuta pale chini, upande wa kushoto, hiyo huwa inataka mafuta pale."